Volti Tano za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo mambo yamekwenda vizuri kupita kiasi. Ndiyo maana nina wasiwasi.

Nimewasha mashine ya kutotolesha vifaranga kwa mama mkwe. Kuku wake walikufa wote kwa ugonjwa, na mayai haya ndiyo pekee yaliyobaki ya kizazi kile. Kasha la mayai liko stoo, lina taa za kutia joto na feni ya kulisambaza. Bodi ya umeme inayoviendesha nimeichora na kuilehemu mwenyewe. Kwa hiyo nimeitundika sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, wageni waione. Waya wa kuiletea umeme kutoka kwenye adapta ya stoo nimechagua mwembamba kabisa, wa spika za masikioni, usiharibu sura ya ukuta.

Mke wangu aliuliza kama nimeijaribu. Nikasema mara nyingi tu. (Niliiwasha. Iliwaka.)

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Feni ikianza kuzunguka, skrini ya bodi inafifia, bodi inazimika, inawaka, inazimika tena. Taa nazo hivyohivyo. Nikapima. Bodi inataka volti tano. Inapata tatu na ushee.

Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Yeye ni fundi umeme, na nyaya za nyumba ile alizifunga yeye. Ana tabia ya kukohoa ninapokosea. Akakohoa. Basi nikasema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani, kwamba umeme wa stoo inaelekea ni dhaifu.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. Kikohozi kikakoma.

Mayai tumeyazungushia chupa za maji ya moto. Mama mkwe habanduki hapo.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kapima soketi ya stoo. Nzima. Kachomoa adapta kwenye waya wangu, kaipima. Volti tano. Akanitazama. Nikamweleza kwamba adapta isiyobeba mzigo, yaani isiyoendesha kitu, inaweza kudanganya. Hilo ni kweli kabisa, na nililisema kwa furaha ya mtu asiyesema kweli mara kwa mara.

Nikaleta adapta ya redio ya mke wangu, yenye nguvu zaidi. Tatu na ushee. Nikalehemu kapasita kubwa, ya kuhifadhi umeme, kwenye bodi. Ikapendeza sana. Tatu na ushee.

Sikula vizuri. Mke wangu anauliza redio yake ina nini. Nimesema umeme wa siku hizi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa! Nimechomoa feni kimyakimya. Volti zikapanda, bodi ikatulia, nikatangaza kwamba tatizo limekwisha. Mama mkwe akanishukuru kwa mikono miwili. Sikuweza kumtazama usoni.

Baada ya chakula akaingiza mkono ndani ya kasha. Mayai ya karibu na taa yalikuwa yanachoma, ya mlangoni yamepoa kama mawe. Nilianza kueleza habari za volti. Akanikatiza, bila ukali.

“Baba, mimi volti sizijui. Niambie tu, wanangu humo ndani wazima?”

Nikasema wazima. Nilijuaje?

Feni nimeirudisha. Bodi inazimika. Chupa za maji zimerudi. Shemeji ametangaza kwamba kesho atang'oa nyaya zote za stoo aanze upya. Hakuna aliyemlazimisha. Labda mimi kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji yuko juu ya ngazi tangu asubuhi, vumbi limemjaa nyweleni. Adapta tumeichomeka kwenye umeme wa jikoni kwa muda. Na bodi bado inapata tatu na ushee! Umeme wa jikoni! Nikaomba asije akaanza kufikiri.

Visingizio vikaniishia. Nikaamua kupima sawasawa, feni ikizunguka. Kwenye adapta, tano. Mwisho wa waya, kwenye bodi, tatu na ushee. Volti zilikuwa zinatoka salama na kupotelea njiani, ndani ya ule waya wangu wa urembo. Ulikuwa mrefu mno na mwembamba mno kwa mzigo ule.

Shemeji alipotoka kunawa, niliokota waya mnene kwenye rundo alilolitupa akidhani ni bovu, nikaufunga na kuupitisha nyuma ya pazia. Tano. Nikaketi sakafuni.

Ningesema pale pale. Lakini alirudi anafuta mikono, akapanda tena ngazi.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kamaliza stoo. Akachomeka adapta kwenye soketi mpya, feni ikazunguka, skrini haikupepesa. Akavua kofia mbele ya mama yake.

“Shemeji, nisamehe. Kumbe kosa lilikuwa langu.”

Nikafungua mdomo. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Mke wangu alikuwa ananitazama zaidi.

Nikamsamehe.

Jumanne, 26 Machi

Vifaranga! Wametoka tangu alfajiri, wamelowa, wanalalama kama wapangaji. Mama mkwe alimweka wa kwanza shavuni. Mayai ya upande wa mlangoni hayakuanguliwa. Aliyazika mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilimtazama kupitia dirishani, na kwa kitambo sikujipenda hata kidogo.

Kitambo kikapita. Jirani wa mama mkwe, mwalimu mstaafu, alikuja kuona vifaranga, akakaa mno mbele ya fremu yangu. Anataka bodi ya kuwasha pampu maji yakipungua tangini. Akauliza kama nimewahi kutengeneza kitu kama hicho. Nikasema ninayo tayari nyumbani, imeshajaribiwa. Nitaanza kuichora kesho. Itakaa barazani kwake, mbele ya wageni.

Nina wasiwasi kidogo tu. Nimeulizia, na kwa bahati nzuri nyaya za nyumba yake pia alizifunga shemeji.