Kamusi ya Idara ya Utulivu wa Mabomba

Wananchi wa Arusha walitangaziwa jambo kubwa: Idara ya Utulivu wa Mabomba imejipatia lugha yake. Inaitwa Kituliza, na kuanzia siku hiyo malalamiko hayatapokelewa kwa lugha nyingine yoyote.

Mkurugenzi Kaanaeli aliichagulia maneno mwenyewe, kwenye semina elekezi, kati ya chai na supu ya mbuzi. Maji yakaitwa "shupe". Bili ikawa "pendezo". Ilipofika zamu ya "maji hayatoki", akakataa katakata.

"Tukilitafutia neno, watalitumia," alisema. "Wakikosa neno, tatizo litaisha lenyewe."

Na kweli likaisha! Simu ya Idara ilikaa kimya, huku kina mama wa Sombetini wakihangaika na ndoo. Mkurugenzi akajipongeza kwa keki.

Lakini lugha ikishatoka ofisini, nani ataikamata? Bodaboda waliidaka, wauza mboga wakaikatakata. Mwaka haujaisha, "shupe" imeshakuwa "shu". Simu ikaanza kulia tena, haipumziki.

"Shikamoo bosi," alisema Naipanoi, mpokea simu. "Kuna neno jipya mtaani. Kaanaeli."

"Jina langu?"

"Ndiyo bosi. Sombetini nzima, tangu asubuhi hawasemi lingine."

Moyo wa Mkurugenzi ukajaa. Jamani, kumbe wanampenda hivi!

"Ila bosi, maana yake ni..."

"Maana utanieleza baadaye. Liingie kwenye kamusi leo leo." Akagonga muhuri.

Ikafika siku ya kipaimara cha binti yake, nyumbani Akheri. Ng'ombe kachinjwa, wageni wa Oldonyo Sambu wako njiani, masufuria yamepangwa. Akafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Mkewe akawa anamtazama tu. Mkurugenzi akashika simu, jasho linamtoka.

"Naipanoi! Hapa kwangu maji hay..."

"Kwa Kituliza, bosi. Ni agizo lako."

"Shupe! Shupe haitoki!"

"Siku hizi ni shu, bosi. Na 'haitoki' haimo kwenye kamusi. Neno lenyewe lipo, ulilipigia muhuri."

Ndipo alipoelewa. Alitamani ardhi ipasuke. Nje, gari la wageni wa kwanza lilikuwa linapiga honi getini. Akajikaza, akaupa mgongo uso wa mkewe, akanong'ona:

"Shu... imekaanaeli."

"Pole sana, bosi," alisema Naipanoi, kalamu mkononi. "Imekaanaeli kidogo, au ni Kaanaeli kabisa?"