Kuhusu Kukataliwa kwa Pumzi za Kimeu

Shauri Moyo,
Nairobi.
Aprili, 1981

Kwa Daktari Mkuu wa Upimaji wa Pumzi za Watoto,

Mheshimiwa Daktari,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa heshima yangu mimi mmeitupa mtaroni. Mlitangaza kanisani kwamba mnatafuta watoto wachanga wenye afya, muwafunike pua kwa kikombe cha mpira wakiwa wamelala, mpate kujua pumzi ya kawaida ni ipi. Mbeti, mke wa mwanangu, akawaletea mjukuu wangu wa miezi kumi. Mkamrudisha. Ati anakohoa! Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto huyo anaitwa Kimeu. Mimi pia ni Kimeu. Kwetu Ukambani mjukuu akipewa jina la babu, huyo ndiye babu. Hata nyanya yake humwita “mume wangu”. Kwa hiyo mliyemkataa mbele ya akina mama wa mtaa mzima ni mimi, mchonga vinyago mwenye ndevu zangu.

2. Mtoto wa jirani yangu Njogu mmempima, mkamsifu. Yule mwenye shingo kama njiti ya kiberiti! Sasa mama yake hapiti mlangoni kwangu bila kuvuta pumzi kwa nguvu, ili tusikie.

3. Muuguzi wenu, Dada Waringa, alimuuliza Mbeti mtoto hulala wapi. Jamani, swali gani hilo? Tuna chumba kimoja. Mvua ikinyesha nachongea ndani, napiga msasa kando ya kitanda chake, na vumbi la mti wa muhugu linanukia kuliko sabuni. Mbeti aliposikia maneno ya muuguzi alifunga virago, akampeleka mtoto kwa mama yake, Machakos. Nyumba imepoa, Daktari. Namkosa sana, nasema wazi.

4. Kikohozi chenyewe ni cha ukoo. Nimekohoa tangu tupate uhuru na sijakosa kazi. Hapa Shauri Moyo nani hakohoi? Mkipima wasiokohoa peke yao, kipimo hicho ni cha watoto wa mtaa mwingine.

5. Naomba basi kikohozi kiandikwe kuwa pumzi ya kawaida, na Mbeti apewe barua yenye muhuri, amrudishe Kimeu nyumbani. Mkitaka ushahidi nitakuja mwenyewe, mnifunike pua, na jibu langu mliandike kwenye kadi yake. Sisi ni mmoja.

Nisalimie Dada Waringa (sina kinyongo naye, ila apunguze maswali), mlinzi wa lango, na hata mtoto wa Njogu akija tena.

Ni mimi, niliyeudhika kwa adabu,
Mzee Kimeu

Baada ya sahihi: Mbeti ametuma habari kupitia mtu wa kwao. Tangu wafike Machakos, Kimeu mdogo hajakohoa hata mara moja, na ameanza kunenepa. Barua ya muhuri usiiandike, Daktari. Mtoto akae huko huko. Ila huyu mkubwa, tafadhali mpangie siku ya kupimwa kifua, na isiwe mbali.