Paka Mwenye Sukari Kwenye Kikapu cha Wakwe

Leo wakwe wamenivua nguo, na suti nilikuwa nimeifunga vifungo vyote. Nawaambia mwenyewe, kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Koboko, maana wale wataongeza chumvi.

Kwa wasionijua, mimi ni mzee wa maharagwe na simsim hapa Awindiri, mjini Arua. Shule niliacha darasa la tatu. Magunia niliyobeba mgongoni ndiyo yamenijengea stoo, na watu wenye digrii wanakuja kunikopa maharagwe. Ndani ya stoo kuna Sajini. Sajini ni paka. Kazi ya panya aliianza akiwa mdogo, akaifanya vizuri mpaka akanenepa, maana kila mteja alimtupia kipande cha chapati. Kisha mwaka huu akaanza kunywa maji kama lori lenye rejeta iliyotoboka. Anakunywa, anakojoa, anakonda. Daktari wa mifugo akampima damu, akasema, "Mzee, paka yako iko na sukari."

Nikacheka. Sukari ninavyoijua mimi ni ugonjwa wa watu wenye matumbo na ofisi kule Arua Hill. Daktari hakucheka. Akanifundisha kuchoma sindano.

Basi mimi, mtu niliyewahi kumfukuza mwizi kwa miguu hadi Onduparaka, kila asubuhi na kila jioni namchoma paka insulini. Sheria ni moja tu: ale kwanza, ndipo achomwe. Nyama au samaki, chapati marufuku. Akichomwa bila kula, sukari inashuka mno, analegea kama mlevi, na anaweza kufa usipompaka upesi kitu kitamu kwenye ufizi. Daktari aliyarudia maneno hayo mpaka nikamwuliza kama ananiona kiziwi.

Leo ilikuwa siku ya kwenda Koboko kumwombea mke mwanangu Anguyo. Binti anaitwa Kiden, ni mwalimu, ana adabu. Shida ni watu wake. Dada yake mkubwa aliolewa na mfanyabiashara wa hapa Arua. Akaugua. Mume akampakia kwenye bodaboda pamoja na godoro lake, akamrudisha kwao. Tangu hapo, ukitaja Arua katika boma lile, watu wanatazama pembeni. Safari ya kwanza walituambia turudi tukafikiri. Safari hii Anguyo aliniambia, "Baba, leo wakikataa imekwisha. Naomba usijisifu."

(Mimi? Nilijisifu lini?)

Mke wangu akaona natafuta kikapu cha Sajini.

"Unaenda kuomba mutoto ya watu na paka?"

"Nani atamchoma jioni? Wewe unakwenda, Anguyo anakwenda. Tukichelewa huko je?"

"Watu watasema nini?"

"Atakaa ndani ya gari. Hatasema neno."

Asubuhi ilikuwa fujo. Dereva anapiga honi, tai inaninyonga, dada yangu Ayikoru anapanga mizigo huku anagomba. Nikaweka samaki kwenye bakuli la Sajini, na kwa haraka ile ile nikamchoma. Ndiyo. Kabla hajala. Sajini akanusa suti yangu iliyokaa kabatini na dawa ya mende tangu Pasaka, akanitazama kama ofisa anayetazama kuruta mchafu, akaacha samaki wake pale pale.

"Atakula njiani," nikasema. (Mnasikia mtu mwenye akili zake.)

Hakula njiani. Nilidhani amesinzia kwa sababu ya gari.

Sasa sikilizeni habari ya kikapu. Kuku wa wakwe tuliwaweka kwenye vikapu, kila kikapu tumekifunika kitenge kizuri cha bluu. Kipande kimoja kilibaki. Nikaona Sajini naye asipigwe na jua, nikafunika kikapu chake. Kwa kitenge kile kile cha bluu. Endeleeni kunitukana, nawangoja.

Tulipofika Koboko, sisi wanaume wa upande wa kuomba tukaelekezwa kwenye mikeka, chini, kama desturi. Hakuna kusimama mpaka uruhusiwe. Ukisimama bila ruhusa, faini kuku. Zawadi hazipiti mikononi mwetu. Wanawake wetu wanazitoa garini, wanaziweka mbele ya shangazi wa binti, nao wanazifunua wenyewe mbele ya watu wote.

Aliyesimamia mizigo ni dada yangu Ayikoru. Ayikoru hajawahi kusahau kitu ndani ya gari maishani mwake.

Mazungumzo yakaanza. Baba wa binti, Mzee Lemi, ni askari mstaafu. Alikaa na kofia yake kichwani. Msemaji wao alikuwa shangazi wa binti, Mama Poni, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya gwaride.

"Mzee wa Arua. Sisi tuko na swali moja. Mutoto yetu akigonjwa kule kwenu, nani ataangalia yeye?"

Swali jepesi, nikaona. Nikakaza tai.

"Mama, mimi nina stoo. Nina lori. Nyumba yangu ina umeme na..."

Anguyo akakohoa.

"Mimi hapana uliza stoo," akasema Mama Poni. "Nauliza mutoto akigonjwa."

"Tutampeleka hospitali."

"Nani atapeleka?"

"Lori lipo."

"Lori iko na mikono? Lori itamupa uji?"

Watu wao wakaguna. Watu wangu wakatazama mikeka. Anguyo alikuwa na jasho mpaka kwenye nyusi. Nikafungua mdomo kutafuta jibu, nikakuta mna habari za stoo tu.

"Fikiria kwanza," akasema Mama Poni. "Sisi tufungue vitu."

Akafunua kikapu cha kwanza, kuku. Cha pili, kuku. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaona na dumu la asali, asali nzuri nzito, wakapiga tena. Akafunua kikapu cha tatu, kigelegele kikakatika katikati.

Sajini alikuwa amelala ubavu. Macho nusu. Miguu inatetemeka.

"Hii ni paka," akasema Mama Poni, polepole. "Wametuletea paka. Na iko inakufa."

Paka anayekufa, ndani ya zawadi za ndoa, mikononi mwa shangazi. Nyuma sauti moja ikasema, "Hiyo ni dawa. Wametuletea dawa ya kuloga." Vijana wao wakasimama. Mzee Lemi akavua kofia, na mtu wa jeshi akivua kofia namna ile, tafuta mlango. Anguyo alifumba macho tu.

Lakini mimi nilikuwa nimeona miguu ya Sajini, na maneno ya daktari yakanirudia yote, hata yale niliyojifanya kuchoka nayo. Nikasimama. (Kuku.) Nikavuka kwenda upande wa wanawake bila kuitwa. (Kuku wa pili.) Nikanyakua dumu la asali ambalo tumeshalikabidhi, nikalifungua kwa meno, nikapiga magoti, nikachovya kidole na kuanza kumpaka Sajini kwenye ufizi.

Sikujua nyuma yangu amekaa nani. Alikuwa mama mzazi wa binti. Mwanamke ambaye natakiwa kumsalimia kwa mbali, macho chini. Nilikuwa nimemwelekezea makalio yangu yote, na si madogo.

Hiyo bado si aibu yenyewe. Aibu ni kwamba niliongea.

Kuna maneno ninayomwambia Sajini tukiwa wawili stoo. Hakuna anayeyajua. Leo boma zima limeyasikia. "Baba iko hapa, Sajini wangu. Lamba kidogo. Lamba, mutoto ya dhahabu. Wewe ukienda, mimi nitabaki na nani? Na panya?" Halafu nikaimba. Wimbo wa kubembelezea watoto, ule aliotuimbia mama yangu, na sauti yangu mnaijua, ni ya kuitia wabeba magunia. Nikaimba beti zote.

Ulimi ukatoka. Akalamba mara moja. Akalamba tena. Kisha akaning'ata kidole, na mimi kwa furaha nikalia machozi, asali imeganda kwenye tai.

Bakuli likapita juu ya bega langu. Ni yule mama, niliyemgeuzia makalio. "Mupe samaki hii. Bado haina chumvi." Sajini akala amelala, kisha akala amekaa. Nikampigia daktari simu pale pale, magotini; akasema aendelee kula, na sindano ya jioni nisimchome mpaka yeye amwone.

Nilipokata simu, Mama Poni alikuwa amesimama mbele yangu.

"Mzee. Paka iko na ugonjwa gani?"

"Sukari, mama. Nimekosea leo. Nilimchoma kabla ya kula."

"Nani anachoma yeye siku zote?"

"Mimi."

"Na wewe ukisafiri?"

"Mimi, shangazi," akasema Anguyo kutoka kwenye mkeka. Sauti ilikuwa ndogo. "Nachoma, nalisha, naosha mahali yake."

"Na ikigonjwa usiku?"

Hapo mke wangu, kutoka upande wa wanawake, akaona ndiyo saa yake. "Usiku baba yake analala naye stoo. Mimi nabaki na kitanda."

Kicheko kilichotoka pale, kuku wakaruka kwenye vikapu. Mzee Lemi alicheka mpaka akashikilia nguzo. Kisha wakaenda nyuma ya nyumba kushauriana, yeye na shangazi wote, nasi tukabaki na Sajini anajilamba asali kana kwamba amealikwa.

Waliporudi, Mzee Lemi alikuwa amevaa kofia.

"Stoo yako hatutaki kusikia tena," akasema. "Lori pia wacha. Lakini mutu anavua heshima yake mbele ya wakwe sababu ya paka, na kijana yake anajua kazi ile ile, hao hawawezi kurudisha mutoto yetu na bodaboda. Kiden ni wenu."

Vigelegele vikaanza upya. Anguyo alinikumbatia, akapata asali kwenye shati jeupe, hakujali. Kiden alitoka ndani, akapiga magoti kusalimia wageni wote, na wa kwanza kusalimiwa alikuwa Sajini. Mimi nilikuwa wa tatu.

Faini nimelipa. Asali nitapeleka dumu jipya, maana Mama Poni amesema ile ina kidole. Njia nzima kurudi Arua, gari zima liliimba wimbo wangu wa kubembeleza, dereva ndiye aliongoza. Daktari amepita jioni, amempima Sajini, amesema huyu ni mzima, kisha akanisema mimi kwa muda mrefu.

Basi nimewaambia. Anayetaka kucheka acheke, ila kwa sauti ndogo. Mgonjwa amelala, tena amelalia suti.