Kidole Changu Ndani ya Bunduki ya Mzungu wa Molo

Jamani, leo nimeaibika mbele ya soko zima la Nakuru. Kaeni niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wabaya.

Mnajua kazi yangu kwa Premji, fundi wa bunduki. Asubuhi mzungu mmoja wa Molo alileta bunduki yake ya marisau, ya mitutu miwili. Ilikuwa inamsumbua. Risasi zinaingia kwa kusukumwa, na akishapiga, maganda hayatoki. Anayachokoa na kijiti huku nguruwe mwitu wakimaliza viazi.

Premji akachungulia. "Wafula, chemba imebana. Ina kutu. Safisha pole pole, usiipanue. Narudi sasa hivi."

Chemba ni pale risasi inapolala, nyuma ya mtutu. Nikafungua mitutu kutoka kwa kitako. Nikazungusha msasa laini kwenye kijiti, nikatia mafuta, nikasugua mpaka ikang'aa. Kazi safi! Ningeachia hapo, saa hii ningekuwa nakunywa chai kama nyinyi.

Lakini nilitaka kuhakikisha hakuna mkwaruzo. Nikaingiza kidole kidogo. Laini. Nikaingiza cha shahada. Laini. Nikaingiza gumba. (Msiniulize kwa nini.)

Gumba likakataa kutoka.

Nikavuta. Likavimba. Nikainua mitutu, nikamwaga mafuta kutoka upande wa mdomo, yakateremka mpaka kwenye kiwiko changu. Wapi! Bunduki ililetwa kwa sababu haitoi maganda, sasa haitoi fundi.

Nikakumbuka sabuni. Ya dukani ilikuwa imeisha. Nikafunika mkono na gunia, nikatoka kwenda kuomba sokoni, hapo ng'ambo tu.

Hapo ndipo nilikosea. Nyinyi mnajua siku hizi za hali ya hatari zilivyo. Mtu akipatikana na risasi moja tu mfukoni, ni kamba shingoni. Na mimi nikapita barabarani mchana na mitutu miwili chini ya gunia.

"Wewe! Simama! Umebeba nini?"

Askari. Bunduki yake ilikuwa inaniangalia kifuani.

"Ni kidole, afande."

"Kidole gani ya chuma? Mikono juu!"

Ningefanya nini? Nikainua. Gunia likaanguka.

Soko lote likalala chini. Viazi vikabingirika, kuku wakaruka, mtu akalia "Yesu wangu!" Mimi nimesimama katikati, mitutu imeelekea mbinguni. Sitanii, nilimwona mama yangu akipewa habari zangu.

Mtu mmoja tu hakulala. Mama Nekesa, muuza samli. Ndiyo, huyo huyo, mama ya msichana tunayeenda kumposa Jumapili. Na kwetu mnajua, mama mkwe hukaribii, hata mkono humpi.

Akasema, bila kuniangalia usoni, "Afande, huyo ni fundi wa bunduki kwa Mhindi. Angalia vizuri. Hiyo kitu haina kitako wala kifyatulio. Na yeye ndiye amekamatwa nayo."

Askari akasogea. Akaangalia gumba. Akaniangalia mimi. Akashusha bunduki yake polepole, kama mtu aliyeona msiba.

Mama Nekesa akachota samli, akaipaka kwenye chuma, akaiacha iteremke yenyewe mpaka kwenye ngozi. Heshima aliilinda. Kisha akashika mitutu, askari akanishika kiunoni.

"Vuta, mama!" askari akasema.

Gumba likatoka kwa mlio, pwaa! Soko likalala tena.

Nikarudi dukani nikinuka samli. Nikapangusa mitutu, nikairudisha. Mzungu akaja na Premji, akatia risasi, ikaingia. Akafungua, ikatoka bila kusukumwa. "Kazi mzuri," akasema. Premji akauliza kwa nini gumba langu ni kama kiazi. Nikamwambia ni nyuki.

Posa bado iko. Mama Nekesa ametuma neno: wazee waje, na bwana arusi asiguse kitu chochote pale nyumbani.

Sasa chekeni mmalize. Ila kesho nikipita hapo sokoni kwenda kazini, tafadhali, mtu asinisalimie kwa kuinua mikono.