Jogoo Wangu na Ukuta wa Mtoni

Jumapili, 1 Machi 1998
Kikao cha watu wa kijijini kwetu tunaoishi Nairobi, hapa mtaani Umoja, baada ya ibada. Habari mbaya. Mafuriko ya El Nino yamebeba ule ukuta unaogeuza maji ya mto yaingie mfereji wetu. Ukuta wote! Mvua ikikatika, mto utapita chini na mfereji utabaki mchanga mtupu. Vitunguu vya mama, nyanya za kijiji kizima, kwisha. Ikaamuliwa harambee. Nikakohoa kwa nguvu ili nichaguliwe mwenyekiti. Mtu akaniletea maji. Akachaguliwa Nzisa, mwalimu wa kwaya yetu. Mweka hazina ni Maingi wa Buruburu, kwa sababu ya suti yake tu. Mimi nimepewa kukodi viti. Viti! Mimi, karani wa stoo!

Jumatano, 4 Machi
Nakubali: Nzisa ni mwanamke wa ajabu. Haombi mchango. Anapanga kwaya mlangoni pako na kuimba hadi utoe. Leo jioni tulikuwa mtaa wa Tena. Bahili mmoja alifunga pazia na kufungulia redio mpaka mwisho. Nzisa hakubabaika. Akanyanyua mkono, sauti ya pili ikaingia, kisha ya tatu. Majirani wakatoka kucheza. Mwishowe bahili akatoka na mchango wake, macho yamelowa, akauliza kama tungeweza kurudia kiitikio. Nilisisimka mwili mzima. Mimi niko besi. Nzisa ameniomba kwa heshima nifungue mdomo tu, sauti niihifadhi.

Jumamosi, 14 Machi
Harambee ni kesho. Nina mpango. Maingi anatembea na mkoba wa hazina kama waziri. Nitatoa jogoo wangu mwekundu apigwe mnada. Nitataja bei, Maingi kwa majivuno yake atapanda, nitapanda, atapanda. Mwishowe yeye abaki na jogoo na mfuko mtupu, mimi nibaki na sifa. Nimemweleza mke wangu Wayua. Akauliza, na Maingi akinyamaza? Wayua haelewi mnada.

Jumapili, 15 Machi
Maingi alinyamaza.
Kabla ya hapo mambo yalikwenda vizuri mno! Bei zilitajwa kwa mifuko ya saruji, kama alivyotaka Nzisa, ili kila mtu auone ukuta ukipanda. Nikataja mfuko mmoja, Maingi miwili. Vigelegele. Nilipofika kumi na minane nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Maingi akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Ndugu zangu, mzee Kimanzi ana moyo wa simba. Mimi ni nani nimshinde?" Akaketi. Makofi! Nimenunua jogoo wangu mwenyewe.

Jumanne, 17 Machi
Wayua hasemi nami. Anasema na jogoo.
Nilikwenda kwa Nzisa kumweleza kwamba mnadani kuna maneno ya kiungwana, hayafai kutiliwa maanani sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai. "Mzee Kimanzi," akasema, "saruji utalipa kidogo kidogo. Riba utalipa kwa mgongo. Mto ukishuka, chukua likizo uje ubebe mawe." Alisema kwa upole hata nikamshukuru. Nimefika nje ndipo nikaelewa kwamba nimekubali.

Alhamisi, 16 Julai
Niko nyumbani, mtoni. Mto umeshuka hatimaye na kazi inakaribia kuisha. Mgongo huu si wangu tena. Wanawake wa kijiji wanabeba mawe kichwani huku wakisimulia harusi. Mimi nabeba dogo na kusimulia kiuno. Nzisa amesimama majini, maji yamemfika mapajani, anaimba, na mstari mzima wa watu unapitisha mawe kwa mapigo ya wimbo wake. Hata Maingi yumo! Suti kaiacha Nairobi. Ana kaptura yenye viraka. Tumepitishiana mawe tangu asubuhi bila kusemezana, kisha wakati wa kula akanigawia muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Sijui nilifanyeje jambo hilo.

Jumamosi, 18 Julai
Maji yamegeuka! Yaliugonga ukuta, yakasita, yakaingia mfereji yakisukuma povu na majani makavu. Mama yangu alitembea kando yake, mwendo wa maji yenyewe, hadi shambani kwake. Aliinama, akayagusa. Nililia. Niliwaambia ni jasho. Nzisa hakutoa hotuba. Alinawa miguu, akauliza nani kaona viatu vyake. Sijapata kuona mtu kama yule.

Jumapili, 19 Julai
Nimerudi Umoja. Nimewaza njia nzima. Ukuta mzuri vile, na hauna jina la mtu! Wajukuu watajuaje? Jana, watu walipokuwa wakishangilia maji, nilinyata hadi ukingoni nikaandika KIMANZI kwa kidole, kwenye saruji mbichi. Herufi nzuri sana. Nzisa akapita na mwiko, akazilainisha zote huku akiimba, wala hakuniangalia.
Basi. Lakini saruji ikishakauka, mwiko haufui dafu. Kesho nikitoka kazini nitapitia soko la Gikomba kutafuta patasi.