Ndoo Nne kwa Wageni wa Tangi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Waithera wangu,
Zimebaki siku kumi na tisa utimize mwaka tangu utuache. Nimewaahidi akina mama wa kanisa chai ya kukukumbuka, ichemshwe kwa gesi ya tangi letu la kinyesi, lile uliloningojea nilimalize. Zulekha wa hoteli ya ng'ambo ya barabara amesema watakunywa maji vuguvugu. Tutaona!

Fundi Kyule ameniambia ndani ya tangi mna vijidudu wasioonekana. Wengine hukatakata mafuta, wengine hupokea vipande na kuvigeuza gesi. Gizani, bila hewa, bila ugomvi. Kwaya yetu haijafika hapo! Mafuta ya kupikia hutoa gesi nyingi kuliko kinyesi cha ng'ombe, ila niwape kikombe kimoja tu kwa siku. Kikombe! Wewe ulimwongezea mgeni upawa kabla hajakataa. Nimezunguka hoteli zote za madereva hapa Mtito Andei, nikakusanya mafuta machafu ya kukaangia. Nimewamwagia ndoo nne.

Jumatano, 4 Juni

Povu la tangi limefurika hadi kwa kuku. Moto hakuna. Harufu ipo. Zulekha amepita ameziba pua na leso, akaniuliza, "Mzee Muturi, ndiyo chai hiyo?" Nimejifanya nafagia.

Alhamisi, 5 Juni

Kyule amecheka, kisha akaacha kucheka. Eti wakataji mafuta wamejaza tangi asidi, na watengeneza gesi wamezidiwa. Nisiwape mafuta wiki mbili. Niongeze tu kinyesi kibichi kidogo, kilete vijidudu wapya. Kuwanyima wageni! Nimeona haya mbele ya picha yako.

Jioni Zulekha ameleta karai la kinyesi cha ng'ombe wake. Hakunicheka. Imeniuma zaidi.

Ijumaa, 20 Juni

Moto! Wa buluu, mdogo kama kifungo cha ile sweta yako. Nimevua kofia.

Jumamosi, 21 Juni

Sufuria mbili zimechemka. Zulekha amekunywa vikombe vitatu, akasema hata wewe ungeomba cha nne. Nimebaki jikoni nikisikiliza moto ukivuma.

Wiki mbili wamekaa na njaa hao vijidudu, na bado wamekupikia chai. Watu wema hivyo! Kyule amenikumbusha: kikombe kimoja. Nimemwitikia. Lakini mgeni wako alishawahi kulala njaa? Kesho naleta ndoo sita.

Nikumbuke, Waithera.