Kamati ya Wazee Wagumu

Kwa furaha isiyo na kifani, umma ulitangaziwa kuundwa kwa Kamati Maalumu ya Kubaini Kwa Nini Wazee Hawaji Kuchanjwa Homa ya Mafua. Mkurugenzi wa hospitali aliisoma taarifa hiyo mara mbili, maana aliiandika mwenyewe. Ijumaa Waziri angekuja kumshawishi mzee mmoja mgumu achanjwe mbele ya kamera. Shughuli ikifana, Mkurugenzi angepandishwa cheo. Ikidoda, angehamishiwa stoo. Usingizi ukampaa.

Chumba cha chanjo kilikuwa ghorofa ya nne, jirani na ofisi yake, ili akisimamie kwa karibu. Lifti ilikuwa mbovu. Kwa wiki sita hakupanda mzee hata mmoja, na kamati, baada ya vikao kumi na viwili, ikahitimisha kwamba wazee wana mtazamo hasi.

"Si mtazamo, bosi. Ni magoti," alisema muuguzi.

"Magoti hayamo kwenye hadidu za rejea."

Jumatano muuguzi akabeba kisanduku cha barafu chenye chanjo, akashuka, akaweka kiti mlangoni.

"Mama, njoo nikuchome. Kesho mkono utauma kidogo, usiogope."

"Kumbe ni hivyo tu? Mbona hatukuambiwa?" alisema bibi mmoja, akamvuta mumewe kwa kola.

Kufikia Alhamisi jioni mtaa mzima ulikuwa umechanjwa, akiwemo mama mzazi wa Mkurugenzi, mwenye miaka themanini na mitatu.

Mkurugenzi alikuja juu. "Umewamaliza wote! Sasa Waziri amshawishi nani?" Akamwandikia barua ya onyo kwa kosa la kuhujumu tatizo la taifa.

Ijumaa Waziri akashuka garini. "Mzee mgumu yuko wapi?"

Katibu muhtasi akapekua daftari la wakazi, akakohoa. "Mheshimiwa, kuanzia miaka sitini wote wamechanjwa. Kabaki mmoja tu." Akamtazama bosi wake kwa huruma. Mkurugenzi alikuwa na sitini na moja, na sindano aliiogopa kuliko Waziri.

Waziri alimbembeleza dakika arobaini. Mkurugenzi akatoa kila sababu: ana kikao, ana presha, na zaidi ya yote yeye si mzee, ni mtumishi mwandamizi. Jasho lilimtoka chapachapa. Mwishowe mama yake akajipenyeza katikati ya kamera, akamshika mkono.

"Fumba macho, mwanangu. Mbona mimi sikulia?"

"Subiri kwanza, sijawa tayari!"

"Nimeshamaliza, mzee," alisema muuguzi, na palepale Waziri akampandisha cheo muuguzi huyo.

Kesho yake gazeti lilitoka na picha ya Mkurugenzi akilia begani kwa mama yake, na chini yake maneno makubwa: KIKWAZO KIKUU CHA CHANJO CHAPATIKANA. Mama aliikata picha hiyo vizuri kwa mkasi, akaibandika sebuleni.